BARAZA LA NYUMBANI: Picha hii ni mali ya nani?

Wasomaji wapenzi, juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari za kuhifadhi nafaka wakati wa masika. Ahadi ni deni, nalo tutalilipa. Lakini kwa leo hatuna budi kuomba radhi, kwani limetufikia jambo ambalo halikuweza kungoja. Jambo lenyewe lililetwa barazani petu na mama mmoja wa hapa Kimihurura, mke wa askari, ambaye aliingia akiwa ameshika daftari la shule kwa mikono miwili, kama mtu aliyechukua hati ya mahakama.

"Shangazi," aliniambia kabla hata hajaketi, "tazama jalada la daftari hili. Mchoro huu ni wa mwanangu. Aliuchora mezani pangu mimi nikimenya viazi. Leo unauzwa dukani, na jina lake halimo."

Nilitazama. Ulikuwa mchoro wa mwendesha baiskeli anayepanda mlima, nyuma yake amefunga makopo mawili makubwa ya maziwa, kichwa amekiinamisha, na chini ya magurudumu imetandazwa ile rangi nyekundu ya udongo wetu. Mtu yeyote aliyewahi kusukuma baiskeli yenye mzigo katika vilima vya Kigali atakiri kwamba mchoraji hakubahatisha: mguu mmoja umenyooka, wa pili umekunjwa, na mishipa ya shingo imesimama.

Kijana mwenyewe ana umri wa miaka kumi na saba. Baba yake yuko mbali kikazi, kusini huko Msumbiji, katika jimbo la Cabo Delgado, ambako askari wa Rwanda walianza kupelekwa mwezi Julai 2021. Mama ndiye amebaki kuwa baba na mama. Alikuwa na maombi mawili: kwanza, aelezwe namna ya kumfikisha mwenye duka kituo cha polisi, pili, apewe maneno ya kumkataza mwanawe asionyeshe tena kazi yake katika mtandao wa intaneti, maana huko ndiko mchoro ulikookotwa.

Nilimwomba kwanza amlete kijana.

Yafaa niwaeleze wasomaji walio mbali kwamba Kimihurura ni kilima chenye sura mbili. Juu yake kuna Bunge, kuna Wizara ya Ulinzi, na kuna lile kuba la Jumba la Mikutano la Kigali, lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo usiku huwaka rangi za bendera. Lakini ukishuka katika barabara za mawe, chini ya miti, unaingia katika ulimwengu wa watu wa brashi, kamera na gitaa. Jirani yetu, upande wa Kacyiru, Collin Sekajugo alianzisha nyumba ya wachoraji iitwayo Ivuka mwaka 2007. Na mwaka 2012 ndugu wawili, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza, wakafungua yao iitwayo Inema. Watoto wa maafisa na watoto wa wafanyakazi wa nyumbani hupita malangoni humo wakienda shule, nao hujionea ya kuwa kuchora ni kazi ya mtu mzima. Sekajugo huyo mwaka 2022 alipeleka kazi zake Venice, Italia, katika banda la Uganda, na banda hilo likapewa sifa maalumu na waamuzi. Basi mama asishangae kijana wake akichafua meza kwa rangi.

Kijana alikuja jioni, akanisalimu kwa adabu, akakaa ukingoni mwa kiti. Nilimsifu kwa mchoro, kisha nikamwuliza swali moja tu: "Baiskeli hii uliiona wapi?"

Alinyamaza. Mama yake akamtazama. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hakuiona barabarani. Aliipata katika picha iliyopigwa na mtu asiyemjua, ikawekwa katika Wikimedia Commons, ile ghala kubwa ya picha iliyofunguliwa mwaka 2004 ili kuihudumia Wikipedia. Aliipenda, akaitazama siku tatu, akaichora. Alipotuonyesha picha yenyewe katika simu, tuliona chini yake mstari wa herufi ndogo ambao yeye hakuwahi kuusoma. Mstari huo ndio kiini cha maneno yetu ya leo.

Tuanze na lile ambalo wengi hulikosea. Wako wanaodhani kwamba kazi ya sanaa haina mwenyewe mpaka ipigwe muhuri ofisini. Sivyo. Kwa mujibu wa Mkataba wa Berne, uliotiwa saini mwaka 1886, na ambao Rwanda iliingia mwaka 1984, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Sheria yetu ya mwaka 2009 ya kulinda mali ya ubunifu, na ile ya mwaka 2024 iliyoshika nafasi yake, zimejengwa juu ya msingi huohuo. Mtu akishachora, akishapiga picha, akishaandika utenzi, kazi ni yake. Na ulinzi huo, kwa kadiri ya chini kabisa iliyowekwa na mkataba, humfuata hata baada ya kufa kwake kwa miaka 50. Kuiweka kazi katika intaneti hakuifanyi kuwa ya kila mtu. Nguo iliyoanikwa uani haikutupwa.

Lakini upo upande wa pili. Je, mwenye kazi akitaka kwa hiari yake kuwapa wengine ruhusa, afanye nini? Je, aandikiane barua na kila mwalimu wa Tanga, kila mchapaji wa Bukavu, kila kijana wa Kigali? Hapo ndipo palipozaliwa leseni huria. Mwaka 2001 nchini Marekani, mwalimu wa sheria Lawrence Lessig pamoja na wenzake waliunda shirika la Creative Commons, na mwezi Desemba 2002 likatoa leseni zake za kwanza. Toleo la nne, ndilo linalotumika zaidi sasa, lilitoka mwezi Novemba 2013. Shabaha yao ilikuwa nyepesi kueleza: mwenye kazi atangaze mara moja, mbele ya watu wote, nini kinaruhusiwa na kwa sharti gani, ili asiulizwe kila siku.

Mama aliniomba nimweleze kwa lugha ya jikoni, nami nikajaribu hivi. Una kinu. Jirani anataka kukiazima. Unaweza kumwambia: kitumie, lakini ukisifiwa kwa unga mzuri useme kinu ni cha Mama Fulani, hilo ni sharti la kutaja jina, ambalo leseni hulionyesha kwa herufi BY. Unaweza kuongeza: usikitumie kutwangia unga wa kuuza, hilo ni NC. Unaweza kusema: usikichonge upya wala kukipaka rangi, hilo ni ND. Au unaweza kusema: ukikichonga kikawa bora, basi nacho kiazimwe na wengine kama nilivyokuazima mimi, hilo ni SA. Mama alicheka, akasema kinu chake yeye hakiazimwi. Nikamjibu kwamba hiyo pia ni haki yake, na wala hahitaji herufi yoyote kuitumia.

Naam, mfano wa kinu una kasoro, kwa sababu kinu kikiazimwa hakipo nyumbani, ilhali picha ikinakiliwa mara elfu moja, ile ya kwanza ingali mahali pake. Na kinu unaweza kukirudisha. Leseni hizi hazirudi: ukishaitoa kazi kwa masharti fulani, waliokwisha kuichukua kwa masharti hayo huwezi kuwanyang'anya. Hili walimu wa mambo haya hulitaja haraka haraka, nami naona lingestahili kutajwa kwanza, hasa mbele ya kijana aliye bado chini ya wazazi wake.

Turudi kwenye simu ya kijana. Mstari ule ulisema BY-SA, toleo la 4.0. Maana yake, mpiga picha aliruhusu mtu yeyote kuitumia picha yake, kuibadili, hata kuiuza, maadam amtaje kwa jina, aonyeshe leseni, aseme kama amebadili kitu, na kazi mpya itokanayo na ile aitoe kwa masharti yaleyale. Kijana aliichora picha hiyo, akaitia rangi, akaondoa nyumba zilizokuwa nyuma, akaiweka katika mtandao kwa jina lake peke yake. Hakumtaja mpiga picha wala hakutaja leseni. Kisha akaja mwenye duka, naye akafanya vilevile kwake.

Hapo mama alisimama. "Shangazi, unaniambia mwanangu ni mwizi?"

Nilimwomba akae. Sikusema hivyo, wala sheria haisemi hivyo. Kijana alikuwa amepewa ruhusa na hakutimiza sharti lake. Mwenye duka hakuomba ruhusa yoyote, wala hakutazama kama ipo. Hayo hayalingani kwa uzito, lakini yana mbegu moja. Na la ajabu ni hili: kama kijana angelitimiza sharti, mchoro wake nao ungekuwa chini ya BY-SA, na mwenye duka angeruhusiwa kabisa kuuchapa na kuuza madaftari yake pasipo kumlipa senti, mradi tu aandike majina mawili na leseni nyuma ya jalada. Kwa hiyo katika shauri hili mama hakudhulumiwa fedha. Mwanawe alidhulumiwa jina, na mpiga picha alidhulumiwa jina mara mbili.

Mama hakupendezwa na hesabu hiyo, nami sikutarajia apendezwe. "Jina halinunui viazi," alisema. Ni kweli. Wala nisingependa msomaji afikiri kwamba leseni huria ni dawa ya kila nyumba. Familia inayokula kwa nyimbo zake iwe na hadhari kabla ya kuzigawa. Lakini kuna hasara ya kugawa kwa masharti yaliyoandikwa, na kuna hasara ya kutoa pasipo kuelewa, na hii ya pili imeua wengi. Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo wake "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939. Mwaka 1952 haki zake zilipita mkononi mwake kwa shilingi kumi. Wimbo ukazunguka dunia kwa majina mengine, ukaingia katika filamu, ukatajirisha watu, naye akafa maskini mwaka 1962. Ilichukua hadi mwaka 2006 ndipo binti zake walipopata mapatano. Huyo hakuwa na leseni huria. Alikuwa na karatasi ya kawaida ya kibiashara.

Kwa upande mwingine tunaye Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa wilaya ya Tunduru, Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya sitini alianza kuchora mjini Dar es Salaam juu ya vibao vya dari, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, kwa kuwa hizo ndizo alizomudu. Wanyama wake, ndege wake na macho yao makubwa viliuzwa kwa wageni wa Oyster Bay. Hakuficha ujuzi huo. Aliwafundisha jamaa zake na vijana wa ukoo, akina January Linda, Simon Mpata na wengine, wakakaa chini ya mti mmoja wakichora. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Kama angeliificha mbinu yake, ingelikwenda naye kaburini. Kwa sababu aliitoa, mwaka 1990 wafuasi wake waliunda ushirika, na hadi leo ziko nyumba nyingi Dar es Salaam zinazosomesha watoto kwa jina lake. Sitaki kudai kwamba kila picha inayouzwa kwa jina hilo ni nzuri. Nyingi ni nakala ya nakala, na twiga wake wamechoka. Lakini chakula kimeliwa.

Na hapa kwetu Rwanda tuna suala gumu kuliko yote hayo, nalo ni imigongo. Wengi mmeziona ukutani: mbao zenye mistari ya pembe kali, nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo, zilizojengwa kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Masimulizi humtaja Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeanza kupamba nyumba namna hiyo, katika nchi ambayo leo ni mashariki ya Rwanda. Wanawake wa Nyakarambi, wilayani Kirehe, ndio walioifufua sanaa hiyo baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Leo mistari ileile huonekana juu ya vikombe, mashati na kuta za hoteli. Je, nani atie saini ya leseni? Kakira hayupo. Miaka 50 imepita mara nyingi. Nchi za Afrika zilizo katika shirika la ARIPO zilikutana Swakopmund, Namibia, mwaka 2010, zikatia saini itifaki ya kulinda ujuzi wa jadi na sanaa za mapokeo; ni hatua. Lakini mama aliyekaa na samadi mikononi tangu alfajiri hashindani na itifaki, anashindana na mashine ya kuchapa. Mimi kwa rai yangu, mtu anayenunua shati lenye mistari hiyo angalau aambiwe ni ya wapi.

Tusije tukadhani kwamba mambo haya ni ya wachoraji tu, wala hayamhusu mama mwenye watoto wadogo. Kuna mradi uitwao African Storybook, uliofunguliwa mwaka 2014 na shirika la elimu la Saide la Afrika Kusini. Humo mna hadithi za watoto zenye picha, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi za bara letu, nazo zimetolewa kwa leseni huria. Mama anaweza kuzichapa kwa karatasi za kawaida, kuzikunja katikati na kuzishona kwa uzi. Anaweza pia kuitafsiri hadithi kwa lugha ya bibi ya mtoto, na kuirudisha humo watu wengine waisome. Katika nyumba ya askari, ambamo kuhama ni jambo la kawaida na vitabu huachwa nyuma, hilo si dogo. Lakini yasome yale majina ya mwandishi na mchoraji yaliyo ukurasa wa mwisho, uyachape nayo. Yana nafasi yao.

Neno moja kwa afande na kwa wake wa maafande, kwa kuwa niliulizwa siku hiyohiyo. Mdogo wake kijana alitaka kujua kama picha ambazo baba yake hutuma kutoka kazini nazo zaweza kuwekwa katika ghala ile ili "dunia imwone baba". La hasha. Leseni huzungumzia haki ya mpiga picha. Haizungumzii amri za kazi, wala usalama wa kambi, wala sura ya askari aliyesimama nyuma pasipo kujua kwamba anapigwa picha. Na kwa kuwa leseni hairudi, picha iliyotoka imetoka. Mtoto alinuna kidogo. Mama yake alimpa kazi ya kumchora baba kwa kumbukumbu, akiwa na shati la nyumbani.

Sasa, mlitaka kujua shauri liliishaje. Katika toleo lile la 4.0 kuna kifungu ambacho kilitufaa sana: mtu aliyevunja masharti hupoteza ruhusa, lakini akirekebisha kosa ndani ya siku 30 tangu alipoligundua, ruhusa yake hurudi yenyewe. Kijana aligundua kosa lake siku ya Jumanne, barazani pangu, mbele ya mashahidi wawili. Kabla ya kulala alikuwa ameandika chini ya mchoro wake jina la mpiga picha, leseni, na maneno kwamba amebadili rangi na kuondoa nyumba. Alhamisi tulikwenda sote watatu dukani. Mwenye duka alianza kwa ukali, kisha aliposikia kwamba hatukuja kudai fedha, akashangaa, kisha akaona haya. Alisema mchoro aliletewa na mchapaji. Huenda ni kweli. Alikubali kubandika karatasi yenye majina mawili nyuma ya madaftari yaliyobaki, na kijana akakaa mlangoni akiyabandika mwenyewe, moja baada ya jingine, mpaka giza. Mwenye duka akamwagizia chai. Kabla hatujaondoka alimwuliza kama anaweza kumchorea jalada jingine, jipya, la kulipwa. Mama akajibu kabla ya mwanawe, akitaja bei ambayo sitaitaja hapa, nayo ikakubaliwa.

Polisi hatukwenda, na swali la pili, lile la kumkataza kijana, mama hakulirudia.

Njiani tukirudi, tukipanda barabara ya mawe kuelekea nyumbani, alikuwa kimya muda mrefu. Alibakiza daftari moja, lile la kwanza. Alilisogeza chini ya taa ya barabarani, akalitazama tena jalada lake, kisha akaniambia:

"Shangazi, mpiga picha ana jina. Mwanangu ana jina. Mwenye duka naye ana jina, limeandikwa juu ya mlango wake. Na huyu mwenye maziwa, nani alimwuliza?"

Sikuwa na jibu. Tulirudi kutazama ile picha katika simu, tukaikuza kadiri ilivyowezekana. Chini yake yalikuwapo jina la mpiga picha, tarehe, aina ya kamera na leseni. Mwenye baiskeli alikuwa ameinamisha kichwa, na uso wake hauonekani vizuri. Kijana amemwandikia mpiga picha kumwuliza kama alimjua mtu huyo. Majibu yakija tutawaarifu.

Juma lijalo, inshallah, ni nafaka.